Wimbo wa Watu wa Ardlair

Inverkeld, 14 Aprili 2009

Lachlan,

Salamu utazipata chini, kama utakuwa umezistahili. Kwanza nataka kujua ni lini ulianza kuwa mtu wa kujificha nyuma ya mlango wa stoo. Mke wa Koplo Imrie amenisimamisha kwenye duka la nyama, watu wamejipanga mpaka nje, akasema kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani: "Pole, Bi Garvock. Nasikia Lachie haji kwenye gwaride. Ameomba abaki Ujerumani alinde kambi." Nikamwambia amesikia vibaya. Akaniambia mumewe ndiye aliyeandika jina. Ikabidi ninunue soseji ambazo sikuzitaka, ili nipate pa kugeuzia uso.

Mjukuu wa Wattie Garvock alinde kambi. Unalinda nini, masufuria? Kikosi kizima kinarudi nyumbani kutoka vitani, na mpiga zumari wa mji huu anabaki kuhesabu vijiko.

Haya, salamu sasa. Sisi wazima. Binamu yako Shona amejifungua mtoto wa kike mwenye kichwa kikubwa kama cha baba yake, tunaomba Mungu kilichomo kiwe cha mama. Kasisi ameteguka mguu akicheza gofu Jumapili baada ya ibada, na sikumhurumia. Mvua inanyesha ubavuni, kama kawaida ya Aprili. Goti langu usiulize.

Gwaride ni Jumamosi tarehe 20 Juni. Mtateremka kutoka stesheni singe zimechomekwa, bendera imekunjuliwa, ngoma zinalia, kwa maana mji huu uliwapa haki hiyo kabla mimi sijazaliwa, na hakuna kikosi kingine kinachoruhusiwa kutembea hivyo kwenye mawe ya mitaa yetu. Watoto wa shule wanapaka rangi vibendera. Mkuu wa mji ameanza kusugua mkufu wake wa cheo, utadhani anaolewa.

Mkifika uwanjani mtasimama. Hapo ndipo Netta Peddie ana ombi. Anataka mkisimama utoke mstarini wewe peke yako na zumari lako la mfuko, umpigie wimbo wetu, Daraja la Keld, kama ulivyompigia mwanawe Drew siku jeneza lake linapandishwa kwenye ndege. Si kwa ajili ya Drew, maana marehemu hapigiwi mara mbili, hilo Netta analijua kuliko wewe. Ni kwa ajili yake yeye mama, ausikie mara moja kwa masikio yake. Mwanamke anayekaa mlango wa tatu kutoka kwangu, aliyekulisha mkate na jemu tangu hujui kufunga kamba za viatu, amemzika mwanawe wa pekee, na hajaomba kitu kingine kwa mtu yeyote.

Simu yako inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana naandika. Jibu.

Bibi yako,
Effie Garvock


Kambini, Ujerumani, 2 Mei 2009

Bibi mpendwa,

Pole kwa kuchelewa. Salamu nyingi kwako na kwa Shona na mtoto. Mimi mzima. Hapa jua linawaka na chakula ni kibaya lakini kingi. Nimenenepa kidogo. Tumerudishiwa masanduku yetu kutoka jangwani, langu limejaa mchanga mpaka kwenye soksi.

Kuhusu gwaride, Bibi, kila mara lazima wabaki watu wa kulinda. Mwaka huu nimebaki mimi, basi. Wapiga zumari wako wengi. Koplo Strachan anaupiga Daraja la Keld vizuri kunishinda, na yeye pia ni mtu wa karibu na huko. Nitamwomba ampigie Bi Peddie. Isitoshe kifua changu hakiko sawa, kile kikohozi cha vumbi.

Msalimie Bi Peddie. Au usimsalimie, nitamwandikia mwenyewe.

Nilitaka kuuliza kitu kidogo tu. Nani alimwambia kwamba mimi ndiye niliyempigia Drew?

Mjukuu wako,
Lachie


Inverkeld, 7 Mei 2009

Lachlan,

Mimi mzima, Shona mzima, mtoto ameitwa Beathag, jina la bibi wa mumewe, na mimi nimenyamaza kwa sababu mtoto si wangu. Kasisi anatembea kwa fimbo na kuhubiri juu ya mateso. Nimekutumia mikate ya shayiri kwenye kopo la bati. Kopo nirudishie.

Kifua hakiko sawa. Mtu aliyenenepa kwa chakula cha jeshi ana kifua kibovu? Babu yako alipuliza zumari na mbavu mbili zimevunjika, na aliyezivunja ni farasi, si vumbi. Na Strachan asikanyage hapo uwanjani. Strachan ni wa Muirdyke. Muirdyke si hapa.

Unauliza nani alimwambia. Ni swali gani hilo? Nilimwambia mimi. Tangu kikosi cha Keld kiwe kikosi, mtu wa mji huu akifia vitani anasindikizwa na mpiga zumari wa mji huu, kwa wimbo wa mji huu, na waliombeba hawainui mguu mpaka wimbo uanze. Wewe ndiye uliyekuwa huko. Angempigia nani mwingine, mpishi?

Sikia nikwambie ilivyokuwa, labda aibu itakurudi. Ile asubuhi walipokuja yule ofisa wa jeshi na kasisi kumpa Netta habari, nilikwenda kukaa naye. Siku mbili mwanamke hakutia kitu mdomoni, alikaa kwenye ngazi ya ndani kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Nikamwambia, "Netta, hakuondoka peke yake. Lachie alimpigia." Akanyanyua uso. Akaniuliza, "Daraja la Keld?" Nikasema, "Ulitaka ampigie nini?" Akanywa supu, bakuli zima.

Ndiyo maana siku ya maziko, jeshi lilipoleta mpiga zumari wao makaburini, Netta alimrudisha. Alimwambia, "Asante baba, mwanangu alishapigiwa, na hapigiwi mara mbili." Watu wote walimsikia, na hakuna aliyeona ajabu. Drew akashushwa kimyakimya, upepo na mvua tu.

Na sasa jiwe la kaburi liko kwa mchonga mawe. Netta amechagua la kijivu. Chini ya jina anataka iandikwe: Alisindikizwa kwa Daraja la Keld. Herufi zinaanza kuchongwa wiki moja kabla ya gwaride, ili mkija mlikute limesimama.

Kwa hiyo acha maswali ya kitoto. Futa jina lako kwenye orodha ya walinzi.

Effie Garvock, bibi yako


Kambini, Ujerumani, 19 Mei 2009

Bibi,

Shikamoo, na asante kwa mikate. Imefika imevunjika, tumekula vipande kwa kijiko. Kopo nitarudisha.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Sikumpigia.

Sikuelewa ulichokifanya mpaka barua ya Bi Peddie iliponifikia kule jangwani, ile ya kunishukuru. Nilimjibu nikamwambia asante kwa barua yake, nikampa pole. Sikuandika ndiyo, sikuandika hapana. Tangu hapo sijamwandikia mtu ila wewe.

Ilikuwa hivi. Saa nne za asubuhi, jua tayari linaunguza. Ndege mlango wa nyuma uko wazi. Sita wetu wamembeba begani, Imrie mbele kushoto. Mimi nimesimama pembeni, zumari liko sawa, nilikuwa nimelikagua, sitasingizia zumari. Sajini akanipa ishara kwa kichwa. Nikajaza mfuko, sauti za chini zikaingia vizuri. Nikaweka vidole. Na vidole vikakataa, Bibi. Sijui nikwambieje. Niliona buti la Imrie lina tope, nikakumbuka Drew angemtania, nikatoa noti tatu hivi, kisha ikatoka sauti kama ya kuku anayekanyagwa, kisha hakuna kitu. Upepo wote ukanitoka.

Wale sita hawakuinua mguu. Unajua mwenyewe kwa nini. Wamesimama na Drew begani, jasho linawatiririka, rubani anatazama saa, na mimi najaribu tena na haitoki. Mguu wa mmoja wa nyuma ulianza kutetemeka. Nilimwona. Sajini aliniambia polepole, "Jitahidi mwanangu," na hilo ndilo lililonimaliza.

Walikuwapo pale askari wa kikosi cha Ardlair wakisubiri ndege yao. Mmoja wao alikuwa na zumari mkononi. Alitoka kwao akaja akasimama mbele yangu, hakuniangalia, akapuliza. Wimbo wetu hakuujua, hakuna aliyewahi kuwafundisha. Alipiga wa kwao. Kivuko cha Ardlair.

Wetu wakanyanyua miguu wakapanda.

Hakuna aliyelizungumza tangu siku ile, hata Imrie, hata akilewa. Wananionea huruma. Ingekuwa afadhali wangenipiga.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kusimama pale uwanjani nikampigia mama yake.

Lachie


Inverkeld, 30 Mei 2009

Lachlan,

Hatujambo. Mtoto Beathag amepata upele. Mvua imekata, na viazi vyangu vimechipua.

Barua yako imekaa nyuma ya saa ya ukutani siku nyingi. Nilikuwa nikiitupia jicho tu, kisha naiacha.

Ardlair. Katika majeshi yote ya duniani, Ardlair. Watu waliotuacha peke yetu kwenye kile kilima enzi za baba wa babu yako, wakachukua ngoma yetu kubwa wakaondoka nayo, na mpaka leo wanayo kwenye kabati la kioo na kuwaonyesha wageni. Babu yako Wattie alimng'oa mtu jino kwenye baa kwa kosa la kupiga mluzi wimbo ule. Mume wa dada yangu aliuimba harusini mwangu, kwa utani, akala keki yake nje kwenye baridi. Katika mji huu, redio ikiuanza, mikono minne inakimbilia kuizima. Na Drew wetu ndio huo uliompandisha ndege.

Nimekaa nikajiuliza ningekufanya nini ungekuwa hapa. Mwanzoni nilitaka kukupiga kofi. Kisha nikaona wale sita wamesimama, nikakuona na wewe, nikaacha.

Lakini sikia. Kuna jambo linanikera zaidi ya vidole vyako. Nimejaribu kukumbuka nilimwambia nini Netta hasa pale kwenye ngazi. Nilikuandikia kwamba nilisema, "Lachie alimpigia." Si kweli. Pale kwenye ngazi nilisema, "Lachie atakuwa amempigia." Atakuwa. Hilo si uongo, hilo ni kubahatisha, kila mtu angebahatisha hivyo. Lakini Jumamosi dukani niliulizwa, nikasema "amempigia." Jumapili mlangoni mwa kanisa ilikuwa "alimpigia," na nilikuwa nimevaa kofia yangu nzuri, na watu walikuwa wakinishika mkono mimi. Mimi, Lachlan, utadhani nimefiwa mimi. Na sikuona vibaya. Nilisimama pale nikapokea.

Kwa hiyo Netta alimrudisha yule mpiga zumari makaburini kwa maneno yangu, si yako.

Nilikwenda kwa mchonga mawe nikamwambia asubiri kuchonga ule mstari. Akaniambia, "Bi Garvock, jiwe ni la Netta. Akisema nisubiri, nitasubiri." Nikaenda mpaka mlango wa Netta. Nilimsikia ndani anaosha vyombo, anaimba ule wimbo kwa kuguna, Daraja la Keld, anakosea palepale anapokosea kila siku. Nikarudi nyumbani.

Nimefikiri hivi. Njoo. Upige Daraja la Keld uwanjani kama alivyoomba. Ukishaupiga, utakuwa umepigwa. Nani atauliza ni lini? Jiwe litasema kweli, kwa kuchelewa kidogo. Netta atatulia, na wewe utatulia, na maneno yatabaki kati yako na mimi na wale sita, na wale sita hawasemi.

Jibu upesi.

Bibi


Kambini, Ujerumani, 4 Juni 2009

Bibi,

Shikamoo. Pole kwa upele wa mtoto.

Hapana. Sijawahi kukwambia hapana maishani mwangu, kwa hiyo isome mara mbili. Sitaupiga ule wimbo mbele yake akiwa anaamini hivyo. Ule mstari ukiandikwa kwenye jiwe, kila nikija likizo nitalikuta pale nikipita kwenda dukani, mpaka nizeeke.

Nimefuta jina langu kwa walinzi. Nitakuja. Lakini aambiwe kwanza. Kama huwezi, Bibi, sitakulaumu, nitamwandikia mimi Jumatatu. Nimeshanunua stempu.

Lachie


Inverkeld, 9 Juni 2009

Lachlan,

Stempu weka, utamwandikia msichana.

Barua yako imefika asubuhi. Sikuisubiri. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo usije ukatembea hapa mjini ukisema ulinilazimisha. Shona na mtoto wazima, upele umeisha. Sina habari nyingine.

Nilimkuta Netta jikoni anamenya viazi. Akasema, "Kaa, Effie, kuna chai." Nikasema nitasimama. Akasema, "Goti lako hilo?" Nikasema, "Netta, niache nisimame." Nikamwambia. Kosa lako na langu, lako kwanza kwa sababu ni jepesi. Nilimwambia kwamba mtoto vidole vilimkataa, na mimi ndiye niliyejaza pengo kwa mdomo wangu, tena nikapokea na mikono ya watu mlangoni mwa kanisa.

Hakuacha kumenya. Alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi. Kisha akasema, "Nilimrudisha yule mtu pale makaburini."

Nikasema, "Najua."

"Alikuja na zumari lake kutoka mbali, baba wa watu, mvua inanyesha. Nikamwambia nenda. Ulikuwa umesimama ubavuni kwangu, Effie. Ulikuwa umenishika kiwiko."

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Toka jikoni kwangu." Hakupaza sauti. Nikafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, akaniita. "Huyo wa Ardlair. Alipiga nini?"

Mdomo wangu ulikuwa mzito, Lachlan, nakwambia ukweli. Nikamwambia jina la wimbo. Akasema haujui. Kweli, angeujulia wapi? Tangu utotoni amekuwa akiwazimia watu redio kama sisi wote. Akasema, "Uimbe."

Nikamwambia, "Netta, mimi siuimbi ule."

Akasema, "Unaujua au huujui?"

Naujua. Naujua wote. Miaka hamsini ya kuukataza umeingia kichwani noti kwa noti, mwanzo hadi mwisho, hata ile sehemu ya kati inayopanda. Nikasimama pale kwenye mlango wa Netta Peddie, koti liko mwilini, mkoba uko mkononi, nikauguna Kivuko cha Ardlair, na dirisha liko wazi na watu wanatoka kanisani. Mke wa Imrie alipita akasimama akatazama ndani. Nikamtazama. Niliendelea. Nilipomaliza Netta akasema, "Tena, mara hii polepole," nikauguna tena.

Ni wimbo mzuri. Haya, nimesema. Usimwambie mtu.

Nilidhani atalia, hakulia. Alikuwa ameweka kisu mezani. Akasema, "Basi huo ndio aliousikia." Nikamwambia, Netta, nitamwita Lachie aje ampigie Drew wimbo wake kaburini, wa kwetu, kila mtu ataelewa. Akanikatiza. "Hapigiwi mara mbili, Effie. Alishapigiwa. Alipigiwa na mtu asiyemjua, na mtu yule hakulazimika." Na la gwaride amelifuta. Uwanjani hataki kupigiwa kitu, ataangalia tu kama watu wengine. Mimi hajanisamehe. Jana alinipita njiani kama mlingoti, na nimestahili. Kwa mchonga mawe amekwenda mwenyewe. Jina litakaa, na mahali pa mstari pamebaki jiwe tupu, hajaamua.

Lakini ameleta ujumbe, kupitia kwa kasisi, kwa sababu mimi hasemi nami. Anasema kuguna kwangu si zumari. Anataka kuusikia kama Drew alivyousikia.

Kwa hiyo sikiliza. Jifunze Kivuko cha Ardlair. Usiniambie kikosi hakiruhusu, najua kuliko wewe kinachoruhusiwa. Nenda kwa Sajini wako, yule aliyekuita mwanangu, mwambie ni kwa ajili ya nani. Akikataa, jifunze chooni. Jumamosi utaandamana na wenzako, sketi yako ya kilti imepigwa pasi, kichwa juu, na utapiga watakachopiga wao. Lakini utafika hapa kabla yao, kwa treni ya Alhamisi jioni. Usije kwangu kwanza. Taa yangu ukiiona inawaka, ipite. Nenda kwa Netta, usimame mlangoni, umwambie kwa mdomo wako yale uliyoniandikia mimi, yote, na mguu wa yule wa nyuma uliotetemeka. Asipokukaribisha, baki hapohapo nje. Kisha jaza mfuko, uupige wimbo wa watu wa Ardlair mtaani kwetu, milango yote ifunguke, wanaotaka kusonya wasonye. Ukitoa sauti ya kuku, anza upya. Usiondoke pale mpaka uumalize.

Effie Garvock